Tusimwambie mjane kwamba amepumzika

Siku ya tatu ya matanga tulikuwa tumekaa kwenye mikeka nyuma ya nyumba, tunachambua sombe. Mama mmoja aliingia, akampa mjane mkono, akasema kama wengi waliomtangulia: «Pole, mama. Lakini sasa umepumzika.» Mjane akaitikia kwa kichwa. Yule mgeni alipoondoka, akatugeukia, akasema: «Nani aliwaambia nilikuwa ninatafuta kupumzika?»

Hatukuwa na jibu. Wengi kati yetu tulikuwa tumemwambia neno lile lile siku ya kwanza.

Ametupa ruhusa ya kuandika habari yake bila kumtaja jina. Mume wake alikuwa mfanyakazi wa SOMINKI. Aliingia kazini akiwa kijana, muda mfupi baada ya kampuni kuanza mwaka 1976, akashuka chini ya ardhi kule Mobale mpaka mambo yalipokwisha mwaka 1997. Baadaye alilima, akafuga mbuzi, akazeeka kama wazee wengine wa Kamituga. Ugonjwa uliingia polepole. Kwanza alirudi sokoni bila alichotumwa. Kisha jina la mjukuu likapotea. Kisha akaanza kuamka saa kumi ya usiku, anatafuta buti zake, anasema amechelewa kazini.

Mwanzoni mke alibishana naye: kazi gani, mzee, wakati kampuni haipo tena? Hapo ndipo ugomvi ulipozaliwa, na mara mbili alimkuta barabarani amevaa buti bila shati. Mwishowe akapata dawa yake mwenyewe. Alimwambia: «Baba watoto, leo ni siku ya Mungu, hakuna kazi.» Mzee alivua buti, akarudi kulala. Kwa miaka karibu mitano, nyumbani kwao kila siku ilikuwa Jumapili.

Basi sisi sote tulidhani kifo chake kitakuja hivyo hivyo, polepole, na kwamba mke atakuwa na muda wa kujiandaa. Haikuwa hivyo. Siku moja asubuhi mzee alikunywa uji, akakohoa, akaumwaga kwenye nguo. Mama alikuwa anaharakisha kwenda kutwanga mawe, maana siku usipotwanga, jioni hakuna unga. Akamwambia kwa ukali: «Kwani wewe ni mtoto?» Akaenda. Mchana mjukuu akaja kumwita: babu ana joto na anapumua mbio. Walimpandisha kwenye moto wawili wakimshika, mmoja mbele, mmoja nyuma. Alikata roho kabla ya kufika kwa muganga.

«Kwani wewe ni mtoto?» Hilo ndilo neno la mwisho alilomwambia, na ndilo linalomwamsha usiku.

Hapa tueleze kidogo, maana linawahusu wote wenye mzee wa namna hii nyumbani. Ugonjwa huu waganga wanauita demensia. Si uzee wenyewe, wala si uchawi: ni ugonjwa wa ubongo, na aina yake inayojulikana zaidi ilielezwa na daktari Mjerumani, Alois Alzheimer, mwaka 1906. Shirika la Afya Duniani linahesabu watu zaidi ya milioni 55 wanaougua demensia. Unapoendelea hauchukui kumbukumbu peke yake. Unaharibu hata kumeza: chakula au uji unapita njia ya pumzi, mapafu yanapata maambukizo, na homa ya mapafu ni moja ya njia ambazo wagonjwa hawa wanakufa mara nyingi. Tena mgonjwa hawezi kusema «kifua kinaniuma». Anaonekana mzima asubuhi, na jioni hayupo. Hatuwezi kusema kwa hakika kilichomchukua mzee huyu, kwa kuwa hakuna aliyempima. Lakini mama aliyekwenda kutwanga hakumwacha mgonjwa wa kufa. Alimwacha mzee aliyekohoa.

Tulimwambia hivyo. Alisikiliza. Hatusemi kwamba alipona hapo.

Jambo jingine lilifika kabla ya maziko, nanyi mnalijua. Huku kwetu mtu akifa kwa siku moja, neno la kwanza ni karuho. Upande wa mume waliuliza nani alipika uji ule. Waliuliza kwa sauti ya chini, lakini mbele ya watu. Mwanamke aliyemwosha mume wake miaka mitano, aliyemlisha kwa kijiko, anaulizwa habari ya uji! Mmoja wetu, mwenye umri mkubwa kuliko wote, ndiye aliyesimama akasema: «Shemeji zetu, ninyi mlikuja kumtazama mara ngapi?» Kukawa kimya. Hatukumtuma, lakini hatukumkataza pia.

Tuliporudi kwake wiki ya pili, habari ilikuwa ya nyumba. Mama hakujua kwamba Kode ya Familia ya mwaka 1987, iliyorekebishwa mwaka 2016, inampa mjane haki ya kuendelea kuishi katika nyumba aliyokaa na mume wake, pamoja na vyombo vyake. Kikaratasi cha ndoa ya serikali kilikuwa ndani ya sanduku, chini ya vitenge. Mama ambaye hajaandikisha ndoa yake afikirie hilo wakati mume angali na akili yake.

Lakini tusiende mbali na kilio. Kuna profesa wa Marekani, Pauline Boss, aliyekaa na wake za marubani waliopotea katika vita ya Vietnam, kisha na familia za wagonjwa wa kusahau. Aliona kwamba msiba wao unafanana: mtu hayupo lakini hajafa, au yupo lakini ameondoka. Kamituga hatuhitaji kufundishwa sana jambo hilo. Tumesimama kwenye mdomo wa shimo tukimngoja mtu, kama Septemba 2020, mvua ilipoangusha shimo la Detroit na watu karibu hamsini wakafa. Mama huyu alikuwa ameshamlilia mume wake, kidogo kidogo, siku aliposahau jina lake, siku alipomwita dada. Sasa analia mara ya pili, na watu wanamwambia kilio kimekwisha.

Je, hakuna siku alipochoka hata kutamani yaishe? Ipo. Alitwambia mwenyewe, bila kuulizwa, akiangalia chini. Neno kama hilo ni lake kulisema.

Hata leo anaamka saa kumi ya usiku. Anakaa kitandani anasikiliza kama buti zinatafutwa. Ziko pale pale nyuma ya mlango. Watoto walitaka kuzigawa, akakataa, nasi tukawaambia watoto waziache.

Jumatano tutakuwa kwake tena baada ya likelemba. Wawili watalala huko, kwa sababu ya hiyo saa kumi. Anayekuja alete kuni, chumvi anayo.