Masharti ya Mipakani katika Hesabu za Vifaa Mseto

Mhandisi atakaye kujua kitu kitastahimili mzigo gani kabla ya kuvunjika hukigawa katika kompyuta vipande vidogo vidogo, huandika mlinganyo wa kila kimoja, kisha huifumbua milinganyo yote kwa pamoja. Njia hiyo ilipewa jina na Mmarekani Ray Clough mwaka 1960. Wanafunzi wetu huipokea kwa Kifaransa. Hapa twaiita njia ya vipande vyenye kikomo. Neno «mpaka» tumeliweka akiba makusudi kwa jambo linalotushughulisha leo: masharti ya mipakani, yaani yale tunayoyalazimisha kwenye kingo za kielelezo.

Kompyuta haijui kitu kimeshikwa na nini. Kisiposhikwa popote, chaweza kusogea katika pande tatu na kuzunguka kwenye mihimili mitatu bila kubadilika umbo, nayo milinganyo haina jibu moja. Mienendo hiyo 6 sharti izuiwe. Taabu huanza pale mtu anapozuia zaidi ya hiyo. Kitu kivutwacho kwa urefu hupungua upana. Ukizikaza nodi zote za ncha yake, waizuia isipungue, na hapo huzaliwa mikazo isiyotokana na mzigo. Kwa chuma, athari hiyo hufifia baada ya umbali unaokaribia upana wa kitu, kama alivyofundisha Mfaransa Saint-Venant katika karne ya 19. Kwa vifaa mseto, ambamo nyuzi ngumu zimelala upande mmoja ndani ya rezini laini, hufika mbali zaidi.

Mtego mkubwa, kwa maoni yetu, ni ulinganifu. Tuchukue ubao wa tabaka nne za nyuzi za kaboni: za nje zimeinama digrii +45, za ndani −45. Mazoea huwatuma wengi kuchukua robo tu ya ubao, kuweka masharti ya ulinganifu kwenye mikato miwili, na kuokoa muda. Kwa bati la chuma hiyo ni halali. Kwa ubao wetu si halali hata kidogo: kioo kikisimamishwa penye mkato, nyuzi za +45 huonekana humo kuwa −45. Robo ile, basi, ni robo ya ubao mwingine kabisa, wenye nyuzi zilizovunjika katikati kama mapaa ya nyumba. Picha itatoka nzuri, yenye rangi zote, bila onyo lolote. Lakini mikazo ya kukata kati ya tabaka, ambayo ndiyo huanzisha kubanduka kwenye kingo, itakuwa ya uongo. Mkato ulio halali ni ule wa katikati ya unene, kwa kuwa tabaka za juu na za chini zimepangwa sawasawa.

Mara nyingine hatuchukui ubao, bali kijisehemu wakilishi cha ndani, kama alivyokieleza Mwingereza Rodney Hill mwaka 1963, ili tukadirie ugumu wa kifaa kizima. Nyuzi za kioo zina ugumu wa gigapaskali 70 hivi, rezini ya epoksi 3 hivi. Nyuzi zikiwa asilimia 60 ya ujazo, kanuni ya Voigt (1889), inayodhani vyote hunyooka sawasawa, hutoa 43,2. Ile ya Reuss (1929), inayodhani mkazo ni mmoja kila mahali, hutoa 7,05. Ya kwanza hukaribia ukweli ukivuta sambamba na nyuzi. Ya pili ni sakafu tu ukivuta kwa kukingamisha.

Masharti ya mipakani hufuata nyayo zizo hizo. Ukizilazimisha kingo zibaki zimenyooka, kijisehemu kidogo huonekana kigumu kupita kiasi. Ukizipa kingo mkazo ulio sawa, huonekana laini mno. Masharti ya kujirudia hukaa kati: ukingo wa kulia hujikunja sawasawa na wa kushoto, ukiongezewa mnyooko wa jumla tu, kama kitenge ambacho mchoro wake ukikatika ukingoni huendelea ukingo wa pili. Kijisehemu kikikuzwa, majibu yote matatu hukaribiana.

Ili masharti hayo yafanye kazi, kila nodi ya ukingo mmoja sharti iwe na mwenzake anayeikabili. Nodi za pembeni ni za kingo zaidi ya moja. Mwanzilishi huzifunga mara mbili, na programu hukataa kufumbua.