Kasarani, Namboole, kwa Mkapa: viwanja vinavyochaguliwa na maneno ya kufika huko

Mwezi wa Agosti 2025, Kenya, Tanzania na Uganda ziliandaa kwa pamoja CHAN, mashindano ya Afrika ya wachezaji wanaocheza katika ligi za nchi zao. Timu zilikuwa 19 na viwanja vilikuwa 5. Hapa Kisangani tuliyafuata kwa hamu, maana timu yetu ya taifa, iliyochukua kombe hilo mwaka 2009 na 2016, ilikuwamo. Nchi hizo tatu ndizo pia zilizopewa Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027, na tayari katika kitivo chetu wapo wanaosema: tukifuzu, tutakwenda. Tunajua Kiswahili, hatutapotea.

Mimi nasoma isimu ya lugha za Kiafrika, na jambo hili la kutopotea limenishughulisha. Nataka kueleza mambo mawili ambayo kwa kawaida huandikwa mbalimbali: namna viwanja vinavyochaguliwa, na maneno ambayo mgeni huyahitaji ili avifikie.

Uwanja hauchaguliwi kwa ukubwa wake tu. Shirikisho la mpira la Afrika, CAF, hutuma wakaguzi. Wanatazama nyasi, taa, viti, vyumba vya wachezaji na mahali pa matibabu. Kisha wanatazama yaliyo nje ya ukuta: hoteli, viwanja vya mazoezi, hospitali, uwanja wa ndege, na barabara inayoviunganisha vyote. CHAN hii ilikuwa ichezwe Februari 2025, ikasogezwa hadi Agosti ili miundombinu ipate kukamilika.

Baada ya viwanja kupita, kazi ya pili ni kupanga nani acheze wapi. Wenyeji watatu walipewa kila mmoja kundi lake nyumbani: Kenya Nairobi, Tanzania Dar es Salaam, Uganda Kampala. Kundi la nne liliwekwa Zanzibar. Sisi tulikuwa katika kundi la Nairobi, pamoja na Kenya, Moroko, Angola na Zambia. Mpango huu huokoa fedha na miguu: shabiki anaweza kupanga chumba kimoja na kungoja karibu mechi zote za kundi lake.

Lakini siku ya mwisho ya kundi ina sheria yake. Mechi mbili za kuamua huchezwa saa ileile, ili timu isiingie uwanjani ikijua tayari matokeo inayoyahitaji. Uwanja mmoja hauwezi kubeba mechi mbili kwa wakati mmoja, kwa hiyo kundi linahitaji uwanja wa pili. Nairobi ilikuwa nao. Tarehe 3 Agosti tulifungwa na Kenya 1-0 Kasarani. Tarehe 17 Agosti, Kenya ilipocheza na Zambia Kasarani, sisi tulicheza na Moroko Nyayo, tukafungwa 3-1 na safari yetu ikaishia hapo. Mkongomani aliyeikumbuka njia ya Kasarani, akaifuata siku hiyo, angejikuta kwenye mechi ya watu wengine. Kasarani iko kaskazini-mashariki ya jiji, upande wa barabara ya Thika. Nyayo iko kusini, karibu na katikati ya mji.

Kundi likiisha, safari ndipo zinapoanza. Moroko, waliochukua kombe, walitoka Nairobi wakaenda kucheza robo fainali Dar es Salaam, nusu fainali Kampala, kisha wakarudi Nairobi kwa fainali ya tarehe 30 Agosti. Nchi tatu kwa raundi tatu. Timu ina ndege yake. Shabiki ana mfuko wake na ulimi wake.

Hapo ndipo isimu inapoingia. Katika ratiba, Kasarani imeandikwa kwa jina refu la Kiingereza lenye jina la rais Moi. Namboole ya Kampala imeandikwa kwa jina la Mandela. Uwanja wa Dar es Salaam unaitwa Benjamin Mkapa tangu 2020; kabla ya hapo ulikuwa Uwanja wa Taifa, na wako wanaouita hivyo hadi leo. Makondakta hawaiti abiria kwa majina ya ratiba. Wao huita mtaa, kilima au barabara. Nairobi utasikia Kasarani, Kampala Namboole, na Dar es Salaam watu wa mpira husema "kwa Mkapa", kana kwamba mzee bado yuko nyumbani anapokea wageni. Tena jina moja huhama: Mandela wa Kampala ni uwanja, Mandela wa Dar es Salaam ni barabara. Hata Lumumba, ambaye kwetu Kisangani ni jina la uwanja wa mpira, Dar es Salaam ni jina la mtaa. Mtu wa kwetu akiomba apelekwe "Lumumba" akitumaini kuona magoli, atashushwa kati ya maduka.

Vyombo vya usafiri navyo ni vivyo hivyo. Nairobi utapanda matatu, Dar es Salaam na Zanzibar daladala. Kampala basi dogo kama hilohilo huitwa teksi. Kwetu teksi ni gari dogo, kwa hiyo Mkongomani akiambiwa Kampala apande teksi ataogopa bei bure. Pikipiki ya abiria ni bodaboda katika nchi zote tatu, neno lililozaliwa mpakani mwa Kenya na Uganda kutokana na neno la Kiingereza la mpaka. Sisi tuna toleka, baiskeli ya abiria, na neno hilo ni la Kilingala: tupite, twende. Ukilitamka Nairobi, hakuna atakayesimama.

Hata kuomba kushuka kuna lugha yake. Dar es Salaam utasema "shusha" kabla ya kituo, Nairobi "shukisha" kabla ya steji. Kampala, ambako mjini Kiganda ndicho kinachotawala, abiria husema "mu maaso awo", yaani hapo mbele. Kwetu tunasema "arrêt" kwa Kifaransa na gari linasimama.

La hatari zaidi ni saa. Nairobi iko mbele ya Kisangani kwa saa moja. Juu ya hilo, Kiswahili cha pwani huhesabu saa kuanzia mapambazuko, na sisi tuliosoma kwa Kifaransa huhesabu kuanzia usiku wa manane. Mechi ya 18h00 Nairobi hutangazwa redioni kuwa ni ya saa kumi na mbili jioni. Kwetu Kisangani ni 17h00. Mtu akilikosa neno "jioni" na kubaki na "kumi na mbili", atafika mchana jua likiwa utosini. Hilo ni afadhali kuliko kinyume chake, yaani kufika taa zinazimwa.

Na kufika langoni si kuingia. Wakati wa CHAN, CAF ilipunguza idadi ya watazamaji Kasarani baada ya watu kuvunja utaratibu wa usalama. Asiye na tiketi, hata akiijua njia vizuri, hubaki nje.

Kwa 2027 limetajwa jina moja linalotugusa: Hoima, magharibi mwa Uganda, ambako kuna uwanja mpya. Katika ramani ndio ulio karibu nasi kuliko vyote, maana ng'ambo ya Ziwa Albert ni Ituri yetu. Lakini ramani haionyeshi hali ya barabara kuu ya Mambasa na Beni hadi mpaka wa Kasindi, wala usalama wake. Aliye Kampala, mbali na Hoima, huenda akafika kabla ya Mkongomani wa Bunia aliye karibu na ziwa.

Kwa hiyo wanaosema "tunajua Kiswahili, hatutapotea" nawajibu kwamba tunajua Kiswahili cha Kisangani, nacho ni kizima na kinatutosha hapa. Mtu wa Dar es Salaam akishuka hapa Boyoma naye atapotea kwenye toleka la kwanza. Wanafunzi wa lugha tuna kazi ndogo tunayoweza kuifanya kabla ya 2027: kukaa na madereva, wafanyabiashara na wanafunzi waliotoka huko, na kuandika kitabu cha mfukoni, kurasa chache tu. Kila mji uwe na majina yake ya uwanja, ya gari, ya kituo na ya saa, na pembeni yake yale tunayosema sisi. Kamusi kubwa hazimwambii msafiri wapi aseme "shukisha". Anayekwenda kuishangilia timu yake analihitaji neno hilo kuliko mengi yaliyomo humo.