Mwalimu wa Besi Atafutwe Mazoezini

Anayetaka kujifunza gitaa la besi Karatu asihangaike kutafuta kibao cha darasa la muziki kandokando ya barabara ya kwenda Ngorongoro. Aulize kwaya za jirani zinafanya mazoezi siku gani, kisha aende akakae nyuma asikilize. Huku besi husikika zaidi makanisani kuliko kwenye kumbi za dansi, na mpiga besi wa kwaya ndiye mwalimu wa karibu ambaye mtu wa Rhotia, Endabash au Mang'ola anaweza kumpata bila kufunga safari ya Arusha.

Ila aende siku ya mazoezi, si siku ya ibada. Ibadani kila mpigaji hupiga alichokwisha kukijua, na nguo za sare huwapendeza wote. Mazoezini ndiko mambo huharibika: wimbo ni mpya, mpiga dramu amewahi, mwimbishaji ameamua kupandisha sauti katikati ya ubeti. Hapo mtafutaji amwangalie mpiga besi anafanya nini mwenzake anapokosea. Akisimama, akamwonyesha taratibu, akarudia hata mara ya tatu bila kukunja uso, huyo ana moyo wa kufundisha. Yule anayejaza kila nafasi kwa vidole vya kasi huenda ni fundi kweli, lakini ufundi wa mkono na ufundi wa kumwelekeza mtu ni vitu viwili.

Kipimo kinachofuata ni muda. Kazi ya kwanza ya besi ni kuishikamanisha dramu na nyimbo, na dramu kubwa inayopigwa kwa mguu ndiyo rafiki yake wa karibu. Kwa hiyo mwalimu mtarajiwa aombwe apige wimbo wa taratibu kutoka Tenzi za Rohoni au Mwimbieni Bwana, asiombwe sebene. Katika pambio la kasi makosa hupita bila kuonekana. Katika wimbo wa polepole nafasi kati ya sauti moja na nyingine ni ndefu, na kila sauti iliyochelewa inajianika yenyewe. Mpigaji anayetulia hapo, asiyekimbilia kujaza ukimya, atamfundisha mwanafunzi jambo ambalo video haiwezi kumpa.

Somo la kwanza lenyewe lina mengi ya kusema. Tuseme wimbo uko kwenye G. Mwalimu mzuri humwonyesha mwanafunzi G kwenye uzi mnene kuliko wote, chumba cha tatu cha shingo, yaani nafasi ya tatu kati ya vyuma vyake. Kisha C, uzi unaofuata, chumba hichohicho cha tatu. Kisha D, uzi uleule wa C, chumba cha tano. Sauti tatu, na tayari nyimbo nyingi za kwaya zinaweza kusindikizwa. Halafu anasogeza mkono mzima vyumba viwili mbele, umbo la vidole likabaki vilevile, na wimbo umehamia A. Mwanafunzi aliyeliona hilo siku ya kwanza hataogopa tena mwimbishaji anapopandisha. Mwalimu anayemkaririsha vyumba vya wimbo mmoja bila kumwambia kwa nini anamfanya tegemezi, na wiki ijayo watarudi palepale.

Wanakwaya wa Tanzania wanayo mali ambayo walimu wengine huisahau. Wengi wamejifunza nyimbo kwa do-re-mi zilizoandikwa ubaoni, na waimbaji wa sauti ya nne wanaifahamu njia ya besi kwa koo kabla hawajagusa gitaa. G, C na D za hapo juu ni do, fa na so tu. Mwalimu anayeanzia hapo anaokoa miezi. Vivyo hivyo kwa kijana wa Kimasai kutoka Endulen au Nainokanoka: amekulia kwenye nyimbo ambazo olaranyani anaongoza juu na kundi linanguruma chini kwa mdundo unaojirudia. Kijana huyo hahitaji kuelezwa maana ya besi. Anahitaji mtu wa kumwonyesha mahali pa kuweka vidole.

Na vidole si jambo dogo. Besi ya umeme ambayo Leo Fender wa Marekani aliiingiza sokoni mwaka 1951 ilikuwa na nyuzi za urefu wa inchi 34, karibu sentimita 86, na kipimo hicho ndicho kinachotumika zaidi hadi leo. Nyuzi za gitaa la kawaida huwa na kama sentimita 65. Kwa mtoto au mtu mwenye mkono mdogo, kulazimisha kidole kimoja kwa kila chumba karibu na kichwa cha gitaa ni kumuumiza. Mwalimu anayejua kazi yake humruhusu atumie kidole cha shahada, cha kati na cha mwisho tu katika eneo hilo, na humsimamisha mara kifundo cha mkono kinapouma. Anayesema "vumilia, utazoea" aachwe. Ncha za vidole kuwaka moto wiki za mwanzo ni kawaida. Maumivu ya kifundo na mkono wa mbele si kawaida.

Wapo watakaosema mwalimu wa nini, na simu ipo. Ni kweli wakubwa wengi hawakukaa darasani. Richard Bona wa Kameruni alivutwa kwenye besi na santuri ya mpiga besi Jaco Pastorius aliyoisikia Douala. Ila alikuwa na mahali pa kupigia na watu wa kupiga nao. Mpiga besi wa dansi kama Suleiman Mwanyiro, aliyejulikana kwa jina la Computer, alikuwa na Msondo Ngoma, bendi iliyoanza mwaka 1964 ikiitwa NUTA Jazz. Anayejifunza peke yake chumbani hana bendi ya kumwambia amechelewa. Isitoshe, uzi mnene wa besi hutikisika kama mara 41 kwa sekunde, na spika ndogo ya simu haiwezi kuitoa sauti hiyo ipasavyo. Bila spika za masikioni mwanafunzi anafuata vidole tu. Masomo ya moja kwa moja kwa intaneti nayo yana kasoro yake: sauti huchelewa njiani, hivyo mwalimu na mwanafunzi hawawezi kupiga pamoja. Kutumiana sauti zilizorekodiwa kwa WhatsApp kunafaa, mradi wakutane ana kwa ana mara kwa mara.

Anayetaka elimu ya kina zaidi atasafiri. Chuo Kikuu cha Makumira, Usa River, kinafundisha muziki kwa ngazi ya shahada, na wanafunzi wake wakiwa likizoni ni watu wa kuulizia. Mbali zaidi ipo TaSUBa ya Bagamoyo, iliyoanza kama Chuo cha Sanaa mwaka 1981, na Dhow Countries Music Academy ya Zanzibar, iliyoanzishwa mwaka 2002.

Makubaliano yafanyike mapema. Wafanyakazi wengi wa lodge na waongoza watalii huishi kwa zamu, na msimu wa wageni ukipamba moto hawaonekani wiki nzima. Kwao kulipa kwa kila somo ni afadhali kuliko kulipa kwa mwezi. Gitaa lisinunuliwe kabla ya mwalimu kulishika, kuangalia kama shingo imenyooka, nyuzi haziko juu mno na waya ukichomekwa haukoromi. Kijijini kusikofika umeme, waulizane kabisa: je, kuna amplifaya inayotumia betri au sola? Besi ya umeme isipochomekwa haisikiki ipasavyo hata chumba cha pili.

Wasichana nao wasiachiwe kuimba tu. Carol Kaye wa Marekani alishika besi mwaka 1963, akapiga kwenye rekodi nyingi mno za Los Angeles, na mwaka 1969 akatoa kitabu cha kufundishia ambacho wapiga besi wengi wamejifunzia. Mzazi ahakikishe tu masomo ya binti, na ya kijana pia, yanafanyika mahali pa wazi, kama ukumbi wa kanisa, mchana.

Ombi ni kwa viongozi wa kwaya wa Karatu na Ngorongoro. Vyombo vya kanisa hukaa kabatini sehemu kubwa ya wiki. Saa mbili tu za Jumamosi, mpiga besi wa kwaya akakabidhiwa ufunguo, amplifaya na wanafunzi watatu au wanne, zingetosha kuanza. Na alipwe. Kumwita "mtumishi" kusiwe sababu ya kumfanya afundishe bure.