Ubadilishaji wa Diski na Kumbukumbu katika Seva Kongwe: Hifadhi ya Rekodi za Fasihi Simulizi za Mbeya na Iringa

1. Utangulizi
Makala haya yanafafanua utaratibu wa kubadilisha diski na kuongeza kumbukumbu katika seva kongwe inayohifadhi data za uwandani. Data zinazohusika ni rekodi za sauti: ngano za Wasafwa na Wanyakyusa wa Mbeya, pamoja na masimulizi ya Wahehe wa Iringa kuhusu mapigano ya Lugalo ya mwaka 1891. Saa moja ya sauti isiyobanwa, yenye sampuli 96,000 kwa sekunde, biti 24 na mikondo miwili, huchukua takribani gigabaiti 2. Hivyo, saa 500 hujaza terabaiti 1. Msimulizi akishafariki, rekodi yake ikipotea haiwezi kurudiwa.

2. Kasoro ya njia iliyozoeleka
Tuchukulie seva yenye diski 4 za terabaiti 4 kila moja, zilizopangwa kwa namna inayostahimili kuharibika kwa diski moja tu. Njia iliyozoeleka ni kuchomoa diski moja, kuchomeka mpya, kisha kuiacha seva iijaze kutokana na tatu zilizobaki. Katika kipindi hicho ustahimilivu haupo. Seva husoma terabaiti 12, yaani biti trilioni 96, ilhali watengenezaji wa diski nyingi za kawaida hutaja ukomo wa kosa 1 lisilosomeka kwa kila biti trilioni 100. Kwa kasi ya megabaiti 150 kwa sekunde, kazi hiyo huchukua zaidi ya saa 7, nayo hurudiwa mara nne. Diski za zamani hulazimishwa kufanya kazi nzito wakati ambapo zimechakaa zaidi.

3. Utaratibu unaopendekezwa
Kwanza, data zote zinakiliwe kwenye diski ya nje kabla ya kufungua seva, na msimbo-hakiki wa kila faili uhifadhiwe. Pili, kumbukumbu ibadilishwe kwa aina inayokubaliwa na ubao mama, ikiwezekana ile inayosahihisha makosa, kisha ipimwe usiku kucha. Upimaji hutangulia diski kwa sababu kumbukumbu mbovu huweza kuharibu faili kimyakimya wakati wa kunakili. Tatu, diski zote za zamani ziondolewe kwa pamoja, ziandikwe namba za nafasi zake, na zihifadhiwe bila kufutwa. Nne, safu mpya iundwe, data zirejeshwe seva ikiwa kwenye umeme wa akiba, na misimbo-hakiki ilinganishwe.

Ikumbukwe kuwa mtandao wa gigabiti 1 hupitisha megabaiti 125 kwa sekunde tu. Iwapo wasomaji ni wachache, kumbukumbu kubwa haitaongeza kasi wanayoiona. Bajeti finyu ianze na diski ya nakala.

4. Hitimisho
Njia hii hudai siku ambazo seva haitumiki. Gharama hiyo inakubalika, kwani hakuna hatua ambapo sauti ya msimulizi inabaki mahali pamoja tu.