Pimbi, Ndugu wa Tembo

Pimbi, mnyama mdogo wa majabalini, anafanana na sungura, lakini wataalamu wa uainishaji humweka karibu na tembo na nguva. Uainishaji wa kisasa hauangalii umbo la nje pekee. Hutafuta sifa zilizorithiwa kutoka kwa babu mmoja. Meno yaliyochongoka ya pimbi dume, kama zilivyo pembe za tembo, ni meno ya mbele ya taya la juu yaliyorefuka. Korodani za wanyama wote watatu hubaki ndani ya tumbo. Uchunguzi wa vinasaba nao umethibitisha undugu huo. Nguva na pomboo, kinyume chake, wanafanana kwa mapezi, lakini kila ukoo uliyapata kivyake ulipohamia majini, kwa hiyo hayathibitishi ujamaa wa karibu.