Asiyeweza Kusimama Naye Apimwe

Kwenye faili la mgonjwa aliyelala muda mrefu, nafasi ya uzito huachwa wazi au hujazwa kilo za kukisia kwa macho. Sababu inaeleweka: mizani ya kawaida inamtaka mtu asimame, na aliyepooza kwa kiharusi au aliyevunjika nyonga hawezi. Lakini hao ndio wanaokonda bila mtu kushtuka, na dawa kama gentamisini hupigiwa hesabu kwa kilo zao. Penye mizani ya jukwaa, mgonjwa apimwe akiwa kwenye kiti cha magurudumu, kisha kiti kipimwe kitupu na uzito wake utolewe. Pasipo na mizani hiyo, futi ya fundi cherehani inatosha kuanzia.

Kinachopimwa ni mzingo wa mkono, katikati ya ncha ya bega na kiwiko. Kiwiko hukunjwa ili kupata katikati na kuweka alama, kisha mkono hunyooshwa kando ya mwili, taulo iliyokunjwa ikiwa chini ya kiwiko ili nyama isibanwe na godoro. Futi iguse ngozi bila kukaza. Kwa aliyepooza upande mmoja, upimwe mkono usiopooza, kwa kuwa uliopooza hunyauka au kuvimba wenyewe. Na utepe wa rangi wa kliniki ya watoto usitumike hapa: kikomo chake cha sentimita 11.5 ni cha utapiamlo mkali kwa watoto wa miezi 6 hadi 59.

Wapo watakaosema futi haitoi kilo. Ni kweli, na dozi isipangwe kwa futi. Hata hivyo, kwa mtu mzima, mzingo ulio chini ya sentimita 23.5 huashiria BMI (uwiano wa uzito na urefu) iliyo chini ya 20, na ukipungua kwa asilimia 10, uzito nao huenda umepungua kwa kiasi kama hicho. Pingamizi zito zaidi ni maji. Lita moja ni kilo moja, hivyo mgonjwa wa figo aliyevimba miguu anaweza kuongezeka kwenye mizani huku misuli ikiisha. Hapo mkono usiovimba husema ukweli zaidi. Kwa moyo ulioshindwa kazi mambo hugeuka: ongezeko la kilo 2 kwa siku 3 ndilo linalomwambia daktari maji yanajaa, na futi hailioni. Wodi za wagonjwa hao zinahitaji mizani ya kitanda au ya kuning'iniza, na fedha zake zitafutwe. Kwingineko, mkono upimwe wakati wa kuogeshwa, ukiwa tayari wazi, na tarehe iandikwe pamoja na upande uliopimwa.