Korona na Wanachuo: Hatari Hulala Chumbani

Mtoto anapopata nafasi ya chuo kikuu, nyumba nzima hufurahi. Mama humfungia godoro, ndoo, shuka na chandarua. Baba humtafutia nauli. Bibi humpa dua na fungu la machungwa ya Muheza. Huusiwa asome kwa bidii, achague marafiki wema, asisahau alikotoka. Lakini ni wazazi wachache wanaomuuliza jambo moja: huko uendako utalala chumba gani, na humo mtalala wangapi?

Pengine swali hilo huonekana dogo mbele ya ada na vitabu. Hata hivyo, miaka ya korona ilitufunza kwamba ni swali la afya ya familia nzima, na jibu lake lawahusu wazee walioko Ngamiani, Makorora, Pangani na Mkinga sawasawa na kijana mwenyewe aliyeko Dodoma, Morogoro au Dar es Salaam.

Yafaa tukumbushane kidogo. Shirika la Afya Duniani lilisema kuwa korona imekuwa janga la dunia nzima tarehe 11 Machi 2020. Siku mbili baadaye jirani zetu wa Kenya walitangaza mgonjwa wao wa kwanza, aliyekuwa amerejea kutoka Marekani kupitia London. Tarehe 16 Machi Tanzania nayo ikatangaza wa kwanza, huko Arusha, naye alikuwa ametoka Ubelgiji. Shule zikafungwa kuanzia tarehe 17 Machi, na vyuo vikafuata siku ya pili yake. Wanachuo wakafunga virago wakapanda mabasi kurudi makwao. Wale wa Tanga wakapita Chalinze na Segera, bega kwa bega, kwa saa nyingi.

Vyuo vilifunguliwa tena tarehe 1 Juni 2020. Takwimu za mwisho za taifa zilikuwa zimetolewa kabla ya hapo: wagonjwa 509 na vifo 21. Baada ya hapo ulipita zaidi ya mwaka mmoja bila hesabu mpya. Kwa hiyo kijana aliyerudi bwenini mwezi ule wa Juni hakuwa na tarakimu za kumwambia hatari imepungua au imezidi. Ilimbidi aitambue kwa akili yake, na hapo ndipo elimu ya mambo yanayomweka mwanachuo hatarini inapokuwa na faida.

UGONJWA UPITAO HEWANI

Mwanzoni wengi wetu tulidhani kuwa adui yuko juu ya vitasa vya milango na noti za fedha. Ndoo za maji na sabuni zikawekwa kila mlango wa duka, nalo lilikuwa jambo jema, maana mikono safi huzuia maradhi mengi. Lakini wataalamu walipozidi kuchunguza walibaini kwamba virusi vya korona husafiri zaidi katika pumzi. Mtu mwenye virusi anapoongea, kuimba, kucheka au kukohoa, hutoa matone makubwa yanayoanguka karibu, na chembe ndogo sana zinazoelea. Mahali penye upepo chembe hizo hutawanyika. Katika chumba kilichofungwa hubaki zikielea na kuongezeka, kama moshi wa jiko la mkaa usio na pa kutokea.

Basi mambo matatu ndiyo yanayoamua: idadi ya watu, muda wanaokaa pamoja, na hewa ya mahali walipo. Tukiyapima maisha ya mwanachuo kwa mizani hiyo, tutaona kwamba mahali anapokaa muda mrefu kuliko pote, karibu kuliko pote na watu, tena bila barakoa, ni chumbani anapolala.

CHUMBA CHA WAWILI, WALALAO WANNE

Kila aliyepita chuo kikuu hapa nchini analijua neno "kubebana". Mwanafunzi aliyepata kitanda bwenini humchukua mwenziwe aliyekosa, wakalala wawili juu ya godoro moja. Ni tendo la utu. Aliyebebwa angelala wapi? Lakini chumba kilichojengewa watu wawili kikilaza wanne, kila mmoja huvuta pumzi ya watatu wengine usiku kucha, kwa muda wa muhula mzima.

Mzizi wa jambo hili ni fedha na upungufu wa mabweni, wala si uzembe wa vijana. Mkopo wa serikali ukichelewa au usipotosha, kijana hupunguza kwanza gharama ya malazi. Wengine hupanga mitaani, katika nyumba zetu za Kiswahili zenye ukumbi katikati na vyumba huku na huku. Chumba chenye dirisha moja dogo hupangwa na vijana watatu, wakapikia humo, wakasomea humo, wakalala humo.

Isitoshe, dirisha lenyewe aghalabu hufungwa: kwa hofu ya mbu, kwa hofu ya wezi, na kwa sababu ya mvua wakati wa masika. Kusi inapovuma na usiku kupoa, kama ilivyokuwa Juni ile vyuo vilipofunguliwa, hata wakazi wa pwani hujifungia. Feni inayozunguka ndani ya chumba kilichofungwa haileti hewa mpya. Huizungusha ile ile iliyokwisha kuvutwa. Wavu wa dirishani na nondo imara humwezesha kijana kulala na dirisha wazi, na gharama yake haifikii gharama ya mgonjwa mmoja aliyelazwa.

Nchi tajiri nazo hazikusalimika. Chuo Kikuu cha North Carolina, mjini Chapel Hill huko Marekani, kilianza masomo tarehe 10 Agosti 2020. Kumbi zilikuwa zimepangwa na barakoa zimeamriwa. Baada ya wiki moja tu, tarehe 17 Agosti, kililazimika kutangaza kwamba masomo ya shahada ya kwanza yatafanywa kwa kompyuta, wanafunzi wakiwa mbali. Vishada vya wagonjwa vilikuwa vimezuka katika mabweni na katika nyumba ya chama cha wanafunzi. Taratibu za ukumbi hazikuweza kumfuata mwanafunzi hadi kitandani na kwenye karamu.

SAUTI ZINAPOPAZWA

Maisha ya chuo yana mikusanyiko mingine mizuri na ya lazima: mihadhara, kwaya, kaswida, mazoezi ya ngoma, midahalo, na kutazama mpira katika chumba kimoja chenye televisheni. Hapa inafaa tulijue tukio la jimbo la Washington, Marekani. Tarehe 10 Machi 2020 wanakwaya 61 walifanya mazoezi kwa muda wa saa mbili na nusu, na mmoja wao alikuwa na dalili kama za mafua. Kati yao 53 waliugua au walidhaniwa kuugua korona, na wawili walifariki dunia. Aimbaye au apigaye kelele hutoa chembe nyingi kuliko akaaye kimya, na avutaye pumzi kwa nguvu huzipokea nyingi vilevile.

Hatusemi kwaya zivunjwe. Barazani au chini ya mwembe ni ukumbi bora kuliko chumba cha zege, na watu wa pwani walilijua hilo kabla ya korona. Vivyo hivyo kwa kahawa ya jioni: kikombe kinachosuuzwa katika ndoo moja kina uchafu wake, lakini baraza lenye upepo ni salama zaidi ya chumba kilichofungwa chenye vikombe vinavyometameta.

Wapo pia wanachuo wenye hatari ya pekee: wanafunzi wa udaktari, uuguzi na maabara walio katika mafunzo ya vitendo. Hao hukutana na wagonjwa wodini mchana, kisha usiku hurudi chumbani kwa wenzao wasomao sheria au ualimu. Barakoa na mafunzo ya kujikinga ni haki yao kama vile ilivyo haki ya daktari mkuu.

KIJANA APONA, MZEE AUMIA

Vijana wengi walisema, "Ugonjwa huu hautuui sisi." Kwa sehemu kubwa walisema kweli. Mwenye umri wa miaka 20 aliyeambukizwa mara nyingi hupata mafua mepesi, au asihisi kitu. Lakini hapo hapo ndipo penye mtego. Mtu aweza kuwaambukiza wengine siku mbili kabla ya kuona dalili yoyote, na asiyeona dalili hajitengi na mtu.

Kijana huyo hufunga chuo, akapanda basi, akafika nyumbani Chumbageni usiku. Bibi humkumbatia. Babu mwenye kisukari huketi naye sahani moja. Shangazi mwenye shinikizo la damu humtandikia kitanda chumbani kwake. Hatari ya kufa kwa korona huongezeka sana kadiri umri unavyopanda, na maradhi hayo mawili, pamoja na unene uliokithiri, huiongeza zaidi. Deni la chumba kilichosongamana laweza basi kulipwa na mtu asiyewahi kukanyaga chuo hicho.

NYUNGU NA SINDANO

Katika siku zile familia nyingi zilijifukiza nyungu ya mwarobaini, mchaichai na mkaratusi. Mvuke waweza kumpa nafuu aliyezibwa pua, lakini hauviui virusi vilivyokwisha kuingia mwilini, na maji yanayochemka yamewaunguza wengi. Mtoto asiwekwe chini ya blanketi la nyungu.

Chanjo ilizinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan tarehe 28 Julai 2021, baada ya kupokewa dozi 1,058,400 za Janssen. Uvumi ulitangulia sindano, na vijana wengi walisita. Ukweli ni kwamba chanjo haimzuii kila mtu kuambukizwa. Kazi yake kubwa ni kuzuia ugonjwa usifikie hatua ya kulazwa na kifo. Kwa hiyo mzee na mgonjwa wa kisukari ndio wenye faida kubwa zaidi.

KWA NINI TUYASEME LEO

Tarehe 5 Mei 2023 Shirika la Afya Duniani liliondoa hali ya dharura. Virusi, hata hivyo, havikuondoka duniani. Tena chumba kile kile kilichosongamana hueneza maradhi mengine: mafua, surua, na zaidi ya yote kifua kikuu, ambacho nacho hupita hewani na hakina haraka. Kikohozi kikizidi wiki mbili, mwanachuo aende hospitali akapimwe. Dawa za kifua kikuu katika hospitali za serikali hutolewa bila malipo.

Jambo hili lina uzito wa pekee kwa Tanga. Mkoa tayari una vyuo vya afya, chuo cha utumishi wa umma na kituo cha Chuo Kikuu Huria, na Chuo Kikuu Mzumbe kimepata eneo la kampasi yake wilayani Mkinga. Penye chuo kipya, wenye nyumba huanza kugawa vyumba kwa mbao ili wapate wapangaji wengi. Huu ndio wakati wa halmashauri, vyuo na wenye nyumba kukubaliana juu ya ukubwa wa chumba, madirisha mawili yanayotazamana, na idadi ya walalao. Ufa huzibwa mapema. Baadaye hujengwa ukuta.

Mzazi naye ana sehemu yake. Amuulize mwanawe habari za chumba, na akiweza amwongezee kidogo ya malazi kabla ya kumwongezea ya simu. Mwanachuo mwenye mafua avae barakoa, alale na dirisha wazi, aahirishe safari ya nyumbani kama yawezekana. Na akifika akiwa na kikohozi, amwamkie bibi kutoka barazani, kwa umbali, mpaka apone. Bibi ataelewa. Shikamoo ya mbali ina heshima ile ile.